Ng'ombe wa Bure Kabla ya Kuhama



Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo huleta furaha nyumbani siku ya kwanza, na mara nyingi huleta maneno siku ya kumi. Jambo lenyewe ni kupewa mnyama bure wakati mko karibu kuhama. Mnyama huyo anaweza kuwa ng'ombe, punda, mbuzi watano, au hata farasi kwa wale wanaofanya kazi katika mashamba makubwa ya Laikipia. Sisi tutamtumia ng'ombe wa maziwa kama mfano, kwa sababu ndiye anayejulikana katika boma nyingi. Lakini maswali tutakayouliza yanafaa kwa mnyama yeyote.

Tuseme kuna bwana mmoja aliyeajiriwa na serikali huko Ol Kalou, Nyandarua. Bibi yake hushona nguo nyumbani. Wana watoto watatu, na wa mwisho bado hajaanza shule. Barua ya uhamisho imefika: baada ya majuma matatu bwana awe ameripoti Wote, Makueni. Wameketi, wamezungumza, na wamekubaliana kwamba watahama wote.

Jumapili inayofuata wanakwenda kuwaaga wazazi wa bibi. Mzee anawapeleka nyuma ya nyumba na kuwaonyesha mtamba wa Friesian mwenye mimba ya miezi mitano. Anasema, "Huyu ni wenu. Sitaki wajukuu wangu wakose maziwa huko ugenini." Bwana anamshika mzee mkono kwa mikono miwili na kusema, "Tumepokea, baba." Bibi ananyamaza. Njiani ndipo maneno yanapoanza.

"Baba watoto, mbona umekubali kabla hatujaongea?"

"Mama watoto, ningemkatalia baba yako namna gani mbele ya watu?"

Kila mmoja wao ana sababu. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe "hapana" kama anavyomwambia mtu wa sokoni. Na bibi anajua ni nani atakayeamka saa kumi na moja za asubuhi kumkatia majani huyo ng'ombe. Basi wafanye nini? Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

1. JE, JAMAA INAHAMA PAMOJA?

Watu wengi huanza na lori. Wanauliza lori ni shilingi ngapi, nani ana lori, litatoka saa ngapi. Hilo ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: je, huyu ng'ombe anabadilisha mpango wetu wa kuhama pamoja?

Mara nyingi mambo huenda hivi. Bwana anasema, "Mimi nitangulie. Wewe ubaki na ng'ombe mpaka azae, halafu mnifuate." Bibi anakubali, maana ni miezi minne tu. Ng'ombe anazaa. Sasa wanasema wangoje ndama akue kidogo. Ndama anakua, lakini maziwa yameanza kuleta pesa, na sasa ni vigumu kuyaacha. Muhula wa shule umeanza, hivyo watoto hawawezi kuhamishwa. Mwaka unapita. Bwana amezoea kula hotelini na kulala peke yake. Bibi amezoea kuamua kila kitu bila kuuliza mtu. Watoto wanamwona baba yao mwisho wa mwezi, kama mgeni anayeleta mkate.

Hakuna mtu aliyepanga kutengana. Hawakugombana hata siku moja. Ni ng'ombe tu aliyewaweka mbali mbali, naye hana kosa lolote.

Ziko jamaa ambazo hulazimika kuishi mbali kwa sababu ya kazi, na zinavumilia kwa ushujaa. Lakini kama ninyi mlikuwa mmekwisha kuamua kuhama pamoja, msikubali mnyama aamue nani alale wapi. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, semeni wazi: "Tunahama sote, tarehe fulani." Kisha mtazameni ng'ombe. Kama anaweza kuingia katika mpango huo, vyema. Kama hawezi, mmekwisha kupata nusu ya jibu lenu.

2. WA BURE NI SHILINGI NGAPI?

Bwana wetu Yesu alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa akishindwa njiani (Luka 14:28-30). Nasi waswahili twasema: Mali bila daftari huisha bila habari. Basi chukueni daftari na kalamu, mketi wawili.

Mtamba mzuri wa maziwa akinunuliwa hupita shilingi laki moja kwa urahisi. Ndiyo maana zawadi hii inang'aa. Lakini kile mlichopewa ni bei ya kununua tu. Bei ya kumlisha hamkupewa, na hiyo hulipwa kila siku.

Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 hivi hula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Huko Ol Kalou nepia na nyasi si taabu kubwa. Lakini katika sehemu kavu kama Wote, nepia haistawi bila maji, na mtu asiye na shamba hununua nyasi kavu za marobota. Robota la kilo 15 ni chakula cha siku moja hivi. Tuseme robota ni shilingi 250. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni shilingi 7,500.

Maji nayo. Mtamba ambaye hajazaa atahitaji kama mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku mahali pa joto. Akianza kukamuliwa atahitaji lita 60 hadi 100, yaani mitungi mitatu hadi mitano. Tuseme mnanunua mtungi kwa shilingi 20. Mitungi mitatu ni shilingi 60 kwa siku, na shilingi 1,800 kwa mwezi.

Jumlisheni: 7,500 na 1,800 ni 9,300. Hapo hatujaweka chumvi ya madini, dawa ya kupe, unga wa ng'ombe, wala daktari.

Sasa mkumbuke ya kwamba mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, karibu sawa na mimba ya mwanadamu. Mtamba huyu ana miezi mitano, kwa hiyo imebaki minne. Miezi minne mara shilingi 9,300 ni shilingi 37,200. Hiyo ndiyo pesa itakayotoka mfukoni kabla ya tone la kwanza la maziwa. Ongezeni lori, mbao na mabati ya zizi, na mshahara wa kijana wa kusaidia kama mtamwajiri.

Bei hizi nimezitoa ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Ninyi wekeni bei za mahali mnapokwenda. Mpigieni simu mtu anayeishi huko, mumwulize robota ni pesa ngapi wakati wa kiangazi, maana bei ya wakati wa mvua itawadanganya. Muulizeni mtungi wa maji ni pesa ngapi mwezi wa Septemba. Mkisha kuhesabu, mwaweza kuona kwamba mnaweza kabisa, na mtamchukua ng'ombe kwa moyo mweupe. Au mwaweza kuona kwamba pesa hizo ndizo karo ya mtoto. Vyovyote vile, mtakuwa mmeamua kwa macho wazi.

3. HUKO MNAKOKWENDA KUNAMFAA?

Ol Kalou iko juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ni baridi. Wote iko chini, kama mita 1,100, na jua lake ni kali. Friesian ni ng'ombe wa baridi. Joto likizidi digrii 25 huanza kula kidogo, hupumua kwa haraka, na maziwa hupungua. Anayekamuliwa lita 20 Nyandarua asitazamiwe kutoa lita 20 Wote kwa sababu tu ni yule yule. Atahitaji kivuli kizuri, zizi linalopitisha upepo, na maji mbele yake mchana kutwa. Tusisahau pia kwamba Makueni yenyewe si mahali pamoja. Vilima vya Mbooni na Kilungu vina baridi, na watu wa huko hufuga ng'ombe wa maziwa bila shida kubwa. Kwa hiyo ulizeni juu ya mahali hasa mtakapokaa.

Jambo la pili ni kupe. Ng'ombe aliyelelewa zizini katika nchi ya baridi, ambaye hakuwahi kuumwa na kupe wengi, hana kinga. Akipelekwa mahali penye kupe wa masikio, ugonjwa wa ndigana kali unaweza kumwua kwa siku chache, wakati ng'ombe wa wenyeji wanaendelea kula nyasi kama kawaida. Majirani watasema ni uchawi, na si uchawi. Chanjo ya ndigana kali ipo. Muulizeni daktari wa mifugo mapema kama inafaa kwa ng'ombe mwenye mimba, na dawa ya kupe inyunyizwe mara ngapi huko mnakokwenda. Na kama mnahamia sehemu zenye mbung'o, kama zile za karibu na Shimba Hills huko Kwale, ulizeni pia juu ya nagana.

Jambo la tatu ni mwenye nyumba. Jamaa ikihamishwa, kwa kawaida huanza kwa kupanga. Je, mwenye nyumba anakubali ng'ombe? Samadi itakwenda wapi? Jirani atavumilia inzi? Ni afadhali kuuliza kabla, kuliko kufika jioni na ng'ombe juu ya lori, na mwenye nyumba amesimama langoni akitikisa kichwa.

4. NANI ATAFANYA KAZI HII?

Hapa ndipo penye mzizi wa maneno katika nyumba nyingi. Ng'ombe hana Jumapili. Kila siku akatiwe majani, aletewe maji, zizi lisafishwe, na akisha kuzaa akamuliwe asubuhi na jioni kwa saa zile zile. Ndama apewe maziwa ya kwanza ya mama yake ndani ya saa chache tu baada ya kuzaliwa, hata kama ni usiku wa manane. Na baada ya kuzaa, lazima mtu awe macho kuona siku za joto lake, ambazo hurudi kila baada ya siku 21. Zikipita bila kuonwa, mmeongeza siku nyingine 21 za kungoja.

Bwana anaposema "tutamfuga", maana yake mara nyingi ni "mama watoto atamfuga". Yeye huondoka saa moja asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo andikeni kila kazi, na mbele ya kila kazi andikeni jina. Si vibaya bibi akichukua nyingi, kama amesema mwenyewe kwamba anaweza na kwamba anataka. Vibaya ni kuzipata mgongoni bila kuulizwa. Katika mfano wetu, bibi anafika mahali pageni ana mtoto mdogo, hana dada wala jirani anayemjua, na anatafuta wateja wapya wa nguo zake. Je, huu ndio mwezi wa kumwongezea ng'ombe?

Sikilizeni pia lugha inayotumika. Maziwa yakitoka mengi, ni "ng'ombe wetu". Akiugua, anakuwa "ng'ombe wa baba yako". Mkianza kusikia maneno hayo, mjue ya kwamba ng'ombe aliingia nyumbani kabla hamjakubaliana. Methali yasema, Ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli, kwa sababu nundu ni yake mwenyewe, ameota nayo. Mzigo uliowekwa na mtu mwingine wakati umelala huwa na uzito mwingine.

5. SAFARI YENYEWE

Mkisha kujibu maswali hayo na mkaona ng'ombe aende, basi fanyeni mambo kwa utaratibu. Nchini Kenya ng'ombe hasafirishwi hivi hivi. Lazima mpate kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo wa serikali mahali ng'ombe alipo. Tangu mwaka 2013 huduma hizi ziko chini ya serikali za kaunti, hivyo nendeni katika ofisi ya kaunti ndogo. Mwende mapema, maana kama kuna karantini kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, hakuna ng'ombe atakayetoka wala kuingia mpaka iondolewe. Mtu mwenye majuma matatu tu asingoje mpaka juma la tatu.

Ng'ombe mwenye mimba ya miezi mitano anaweza kusafiri akitunzwa. Aliye katika mwezi wa mwisho asipandishwe lori, maana anaweza kuzaa njiani au kuharibu mimba. Anywe maji kabla ya kuondoka. Sakafu ya lori iwekwe mchanga au nyasi asiteleze. Msimfunge miguu na kumlaza. Ondokeni alfajiri kabla ya jua kali, na mtu mmoja anayemjua akae karibu naye. Msimchanganye na vitanda, masufuria na magunia ya viazi kwa sababu mnataka kulipa lori moja. Kanisa latufundisha ya kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawadai wema. Kumtesa ng'ombe njiani ili kuokoa shilingi elfu chache si wema.

Katika Biblia kuna msafiri mmoja aliyelijua jambo hili vizuri, naye ni Yakobo. Aliporudi kwao, alimtumia ndugu yake Esau zawadi kubwa ya wanyama: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 pamoja na wana wao, ng'ombe 40, mafahali 10 na punda 30. Esau alisema kwanza kwamba vyake vinamtosha. Yakobo alipomsihi, alipokea. Kisha Esau akataka waandamane njiani. Yakobo akamwambia kwa heshima kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, na wakikazwa kwa siku moja tu watakufa, hivyo yeye atakwenda polepole kwa mwendo wao. Esau akataka hata kumwachia watu wa kumsaidia, na Yakobo akamshukuru na kukataa (Mwanzo 32 na 33).

Someni sura hizo mbili pamoja jioni moja. Mtaona zawadi ikitolewa, ikikataliwa, ikipokelewa. Na msaada mwingine ukikataliwa bila mtu kukasirika. Hao ni ndugu waliokuwa wameachana kwa ugomvi mkubwa kwa miaka mingi. Kama wao waliweza kuambiana "inatosha" na wakabaki ndugu, hata mkwe na baba mkwe wanaweza.

6. ZAWADI YENYE SHARTI

Ng'ombe wengine wa bure hutoka katika kikundi au mradi. Mwaka 1944 huko Marekani, mkulima aitwaye Dan West alianzisha mpango wa kuwapa maskini mitamba badala ya vikombe vya maziwa, na mitamba ya kwanza ikapelekwa Puerto Rico. Mpango huo leo unaitwa Heifer, na umefika Kenya pia. Sharti lake ni moja: aliyepokea ng'ombe amtoe ndama jike wa kwanza kwa jamaa nyingine yenye shida. Nchini Rwanda, mpango wa serikali uitwao Girinka, ulioanza mwaka 2006, una sharti kama hilo.

Kama ng'ombe wenu ni wa namna hii, hamwezi kumpandisha lori na kuaga. Kuna jamaa nyingine inayongoja ndama wake. Nendeni kwa viongozi wa kikundi, mwaambie wazi kwamba mnahamishwa. Huenda watasema ampate mtu anayefuata katika orodha. Kupokea ng'ombe wa kikundi hali barua ya uhamisho mmeificha mfukoni ni kuwadhulumu wenzenu, hata kama hakuna aliyewauliza.

Hata zawadi ya mzee ina sharti lisiloandikwa. Ulizeni kwa upole: je, tukishindwa tunaweza kumwuza? Ndama wa kwanza atakuwa wa nani? Mzee akisikia miezi sita baadaye kwamba ng'ombe wake aliuzwa kwa mchinjaji, atakuwa na uchungu zaidi kuliko kama mngemwomba abaki naye.

7. NJIA NI ZAIDI YA MBILI

Wengi hufikiri kuna kupokea na kukataa tu. Kumbe njia ni nyingi. Mwaweza kuzipima hizi:

Ya kwanza, mpokeeni na mwende naye, kama hesabu, hali ya nchi na kazi vyote vimekubali.

Ya pili, mpokeeni lakini abaki kwa mzee mpaka mwishe mwaka mmoja huko mgeni. Mkisha kujua bei ya nyasi, mkipata nyumba yenye nafasi, ndipo mmfuate. Wakati huo atakuwa amezaa, na maziwa yawe ya wazee kwa kazi yao ya kumlisha.

Ya tatu, awekwe kwa ndugu au rafiki anayebaki. Desturi hii ni ya zamani katika jamii nyingi za wafugaji: anayemlisha hupata maziwa, na ndama hugawanywa kwa mapatano. Lakini mapatano yaandikwe. Nani atamlipa daktari? Akifa, nani atamwambia nani? Ndama wa pili ni wa nani? Undugu mwingi umeharibika kwa ndama ambaye hakuandikwa.

Ya nne, mwombeni mzee abadilishe zawadi. Pengine mbuzi wawili wa maziwa watafaa kuliko Friesian mahali pa joto. Pengine atawawekea ndama atakayezaliwa.

Ya tano, shukuruni na msimchukue.

8. KUMWAMBIA MZEE

Kama katika mfano wetu "ndiyo" ilikwisha kusemwa, bado si mwisho. Mtu mzima aweza kurudi na kusema tumefikiri tena. Lakini lipo adabu lake. Msipige simu, msitume mtoto. Nendeni wote wawili, kabla ya siku za kuhama kubana. Bwana asimwache bibi aende peke yake kwa kuwa ni baba yake, wala bibi asikae jikoni akimwacha bwana apambane na wakwe. Kama desturi ya kwenu haimruhusu mkwe kusema jambo hili moja kwa moja, mtafuteni shangazi au mjomba awaongoze.

Msianze na shida. Anzeni na shukrani, kisha mwonyesheni mzee hesabu zenu. Wazee wengi wanaofuga huelewa hesabu ya majani upesi kuliko sisi. Mwaweza kusema hivi: "Baba, ulitupa ng'ombe kwa sababu unawapenda wajukuu wako, na hilo tumelipokea lote. Tumeuliza habari za huko. Nyasi ni za kununua na kupe ni wengi. Tunaogopa ng'ombe wako akafa mikononi mwetu. Tunaomba utushauri." Mkimwomba shauri, mmemrudishia heshima yake. Huenda yeye mwenyewe ndiye atakayesema, "Basi na abaki hapa kwanza."

Na jambo moja kwa bwana: usimwambie mzee, "Ni binti yako aliyekataa." Na kwa bibi: usiwaambie ndugu zako, "Ni yeye asiyetaka vitu vya kwetu." Uamuzi uwe na jina moja tu, "sisi". Hata kama usiku ule mlibishana mpaka jogoo akawika, mkifika kwa wazazi semeni "sisi tumeona".

Tangu leo wekeni kanuni ndogo nyumbani mwenu. Kitu chochote kinachokula, mnyama au chombo kinachotaka pesa kila mwezi, mmoja wenu asikikubali hapo hapo. Aseme, "Asante sana, ngoja nikaongee na mwenzangu." Hakuna mzee mwenye busara atakayeudhika kusikia kwamba mkwe wake huongea na binti yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, ipo zawadi ambayo mmoja wetu aliipokea bila kumwuliza mwenzake? Nani amekuwa akiitunza mpaka leo?

2. Tukihamishwa mwezi ujao, ni vitu gani tulivyo navyo ambavyo vingetufanya tusihame pamoja? Je, vina thamani hiyo?

3. Bwana na bibi, kila mmoja aandike peke yake kazi zote za kutunza ng'ombe mmoja kwa siku moja. Kisha linganisheni karatasi zenu. Ni kazi gani ambazo mmoja aliziandika na mwingine hakuzikumbuka?

4. Katika desturi ya kwetu, mkwe hukataa zawadi ya wakwe kwa njia gani bila kuvunja heshima? Ombeni mzee mmoja wa Jumuiya awaeleze.

Mungu awabariki katika nyumba zenu, mlipo sasa na mnakokwenda.